Uje na Njaa: Mkalimani wa Houston na neno lililomwangusha mzee wake

Saa moja na robo asubuhi, Intisar Hemed amekaa ndani ya gari lake nje ya nyumba za kupanga karibu na barabara ya Bissonnet, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, na hateremki. Injini ameshaizima. Mkoba uko mapajani. Ndani ya mkoba mna karatasi mbili zilizokunjwa, na kila baada ya muda mfupi anazigusa, kama msafiri anayehakikisha kwamba pasipoti yake bado ipo.

Karatasi zote mbili ni hotuba. Kila moja ni ya dakika mbili, maana ndizo dakika alizopewa. Ya kwanza inaeleza kwa nini wakalimani wa kliniki za jamii wasiondolewe na mahali pao pakawekwa simu. Ya pili inaeleza hayo hayo, ila katikati yake limo kosa alilolifanya yeye.

“Hii ya kwanza nzuri,” anasema, akiichungulia na kuirudisha. “Hii ya pili ndiyo ya kweli. Sasa mie sijui nisome ipi, na saa nne ndiyo hiyo inakuja.”

Saa nne ndiyo saa ya kikao. Bodi inayosimamia kliniki kumi na mbili za jamii itasikiliza maoni ya wananchi kuhusu mpango wake mpya wa lugha. Lakini kabla ya bodi, Intisar ana mtu mmoja wa kumwona, na huyo ndiye aliyemfanya ashindwe kuteremka garini.

Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, anaishi Mzee Muzammil, Mhindi wa Kachi mwenye umri wa miaka sabini na minne, aliyekuwa fundi cherehani Mkunazini, Unguja, kabla ya kuhamia Dar es Salaam na hatimaye kumfuata mwanawe Marekani mwaka 1996. Wiki saba zilizopita mzee huyu alianguka msalani akitia udhu, sukari yake ikiwa imeshuka hadi 38 kwa kipimo cha Marekani, ambako kawaida haishuki chini ya 70. Alilazwa siku mbili. Mpaka asubuhi hii ya Mei 2003, hajui ni kwa nini alianguka.

Intisar anajua.

“Siwezi kwenda kuwaambia wakubwa kitu ambacho mwenyewe hajaambiwa,” anasema. Kisha anashusha pumzi, anafungua mlango wa gari, anaufunga tena. “Dakika moja. Nipe dakika moja tu.”

Intisar, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa na mama wa watoto watatu, naye ni mtoto wa Mkunazini. Mama yake alikuwa akiwashonea mapindo na vifungo Wahindi wa Kachi walioishi ghorofa ya juu ya nyumba yao, na yeye alikulia kwenye ngazi za nyumba hiyo, akicheza na watoto wao na kutukanana nao kwa lugha yao. Kikachi hicho ndicho kilichokuja kumpa ajira baada ya miaka ishirini na mitano, katika nchi ambayo wakati huo hata hakuwa akiifikiria.

Alifika Houston mwaka 1997 akimfuata mumewe, dereva wa teksi za uwanja wa ndege. Kwa miaka mitatu aliuza sigara na kahawa kwenye duka la kituo cha mafuta. Siku moja alimpeleka jirani yake kliniki, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, akasimama katikati ya mama huyo na daktari, akatafsiri kuanzia maumivu ya goti hadi ugomvi wa mkwe. Daktari akamuuliza anafanya kazi wapi.

“Nikamwambia kituo cha mafuta. Akasema, basi Jumatatu njoo hapa.”

Leo analipwa dola kumi na nusu kwa saa, saa thelathini kwa wiki, bila bima ya afya yake mwenyewe. Hilo la bima hulitaja huku akicheka, lakini kicheko chenyewe hakidumu.

Anahudumia familia arobaini na moja. Wengi wa wazee wake ni Wahindi waliozaliwa Mombasa, Kampala, Unguja na Dar es Salaam, walioletwa huku na watoto wao. Wapo pia Wapakistani, ambao huzungumza nao Kiurdu anachokiita “cha sinema”, maana alijifunzia kwenye viti vya majumba ya sinema ya Unguja. Na wapo Waswahili wa pwani na Wakongo, ambao humshangaa kila mmoja kwa lahaja yake.

Wahindi hao wa Afrika Mashariki ndio wanaomnyima usingizi. Kwa sura, fomu ya kliniki inawaweka Asia. Kwa cheti cha kuzaliwa wanakuwa Waafrika. Kikachi hakimo kwenye fomu kabisa, na Kiswahili kimo upande wa Afrika, ambako mtu aliyekwisha kuweka alama ya Asia haruhusiwi kuvuka.

Mjukuu wa Mzee Muzammil alipomjazia babu yake fomu hiyo alikwama, akaandika Kiurdu ili mambo yaishe.

“Kiurdu nakisikia mawaidhani,” anasema mzee. “Nikiugua naugua Kiswahili. Nikikasirika ndiyo Kikachi.”

Mpango wa bodi umejengwa juu ya fomu hizo. Fedha za wakalimani wa ana kwa ana zimepunguzwa, na zilizobaki zitatosha lugha tatu tu za Asia, zile zenye wagonjwa wengi. Lugha nyingine zote zitahudumiwa kwa simu. Daktari atabonyeza namba, sauti itapatikana kutoka mji wowote wa Marekani, atauliza, atajibiwa na kukata.

Mtu angedhani mpango kama huo ungewaunganisha wote unaowagusa. Umewafarakanisha. Katika kikao cha kwanza, mwezi Machi, jumuiya zilikuja na saini zao kwenye mafaili, kila moja ikijihesabu. Wavietinamu walikuwa na uhakika wa nafasi yao. Wachina waligombana wenyewe kwa wenyewe kama Kikantoni na Kimandarini ni lugha moja kwenye hesabu au mbili. Wazee wa Kipakistani na wa Kihindi waliambiwa kwamba Kiurdu na Kihindi, kwa kuwa wasemaji huelewana, vikiunganishwa vinaingia kwenye zile tatu. Vikitenganishwa vyote vinatoka. Pande zote mbili zilikataa kuunganishwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo zikapigiana makofi.

“Nilikuwa nimekaa nyuma,” anakumbuka Intisar. “Nikawa nawaangalia tu. Kila mtu anatetea bendera yake, na hapana hata mmoja aliyemtaja mgonjwa.”

Mwenzake kazini ni Hanh, mkalimani wa Kivietinamu. Ingawa lugha yake iko salama, Hanh haamini simu. Anasimulia habari za bibi mmoja wa kwao aliyemwambia mkalimani wa simu kwamba mwili wake una joto ndani, jambo ambalo Wavietinamu husema mtu akiwa na vipele, kiungulia au uchovu wa kula vyakula visivyomfaa. Simu ikatafsiri kuwa ni homa. Bibi akapimwa homa, hakuonekana nayo, akarudishwa nyumbani na kiungulia chake.

“Hanh aliponisimulia nilicheka,” anasema Intisar. “Nikasema, mie siwezi kukosea kizembe namna hiyo. Wiki mbili baadaye nikakosea vibaya zaidi.”

Kosa lenyewe ni la neno moja.

Mwezi Machi daktari aliagiza Mzee Muzammil apimwe sukari kabla ya kula. Alitaka mgonjwa asitie kitu kinywani tangu usiku isipokuwa maji, afike kliniki saa mbili asubuhi na tumbo tupu. Kwa Kiingereza, neno wanalolitumia hapo ndilo lile lile linalotumika kwa mwezi wa Ramadhani. Intisar alimpigia mzee simu akiwa na wagonjwa wengine watatu wanaomsubiri.

“Nikamwambia, Babu, Alhamisi uje umefunga. Nikakata.”

Alhamisi. Mzee Muzammil, mtu wa kufunga sunna za Jumatatu na Alhamisi tangu ujana wake, hakuona tatizo. Alinuia. Aliamka kabla ya alfajiri, akala daku kama inavyompasa mfungaji, akaswali, akaacha dawa zake za asubuhi maana mfungaji hanywi dawa, na saa mbili akawasili kliniki akiwa amefunga kikamilifu, koo kavu, na tumbo limejaa.

Kipimo kilisoma 268. Daktari alimuuliza kupitia kwa Intisar kama kweli amefunga. Intisar akauliza. Mzee akajibu kwa kiapo kwamba amefunga. Intisar akatafsiri. Daktari akatikisa kichwa, akaongeza sindano ya insulini ya jioni kutoka uniti kumi na nane hadi ishirini na sita.

Siku ya tatu, mzee akaanguka.

Intisar alilijua kosa lake alipokwenda kumtazama hospitali. Lubna, mkwe wa mzee na ndiye aliyemkuta sakafuni, alikuwa akilalamika kwamba baba mkwe wake hasikii la mtu, amezeeka na bado anafunga sunna, tena Alhamisi ile alikula daku vizuri. Intisar alikuwa ameshika bilauri ya maji. Akaiweka chini polepole.

“Nikatafuta mlango,” anasema. “Nikaaga. Nikasema nimesahau kitu garini. Nikaenda nikakaa huko peke yangu.”

Jioni hiyo alimweleza daktari, na sindano ikarudishwa kwenye kipimo chake cha zamani. Daktari hakumfokea. Alisema tu kwamba ilitakiwa kuulizwa zaidi, na hakusema aulize nani kati yao wawili. Familia haikuambiwa. Kliniki ilisema itashughulikia suala hilo kwa utaratibu wake, na utaratibu huo ukakaa kimya.

Nje ya kliniki, mtu pekee aliyemwambia ni Theodora, muuguzi Mtanzania anayeishi Pearland, jirani na Houston, na kufanya kazi kwenye moja ya hospitali kubwa za mjini. Theodora ni mtu wa Bukoba, mkubwa kwake kwa miaka kumi, na ndiye dada yake wa ugenini.

“Kwanza alinicheka,” anasema Intisar. “Akasema, nyie Waislamu! Mimi ningemwambia njoo na tumbo tupu, yangeisha. Halafu akaona nalia, akaacha.”

Ushauri wa Theodora, ambaye alikubali kuzungumza kwa simu akiwa mapumzikoni, haukuwa na kona.

“Nilimwambia, mdogo wangu, usijichongee. Hapa ni Amerika, watu wana-sue, wanakupeleka mahakamani, kwa kumwagikiwa kahawa ya moto. Uki-admit mbele ya bodi, wale wanaotaka kuleta simu watakushangilia. Watasema, si mnaona? Wakalimani wenu hata certified hawako. Utajifukuzisha kazi, na utawafukuzisha wenzako.”

Je, bado anaamini hivyo? “Naamini. Lakini mimi silali nyumbani kwake. Sijui anavyolala.”

Ndiyo maana ya karatasi mbili.

Saa moja na nusu Intisar anagonga mlango. Lubna anafungua, kichwani ana mtandio, mikono ina unga. Ndani kunanukia iliki. Mzee Muzammil yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikoi na fulana nyeupe, miwani imeshuka puani.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, Bi Intisar. Mbona leo umekuja na sura ya msibani?”

Anampima sukari kwanza, kama afanyavyo kila ajapo tangu mzee alipolazwa, kwa sababu mikono inataka kazi. Kidole, tone la damu, kijimashine. Mia na thelathini na moja. Anaiandika. Anafunga daftari. Kisha anavuta kiti.

“Babu, ile Alhamisi ya kipimo, nilikwambiaje kwenye simu?”

“Uliniambia nije nimefunga.”

“Na ukafunga.”

“Nikafunga. Nikanuia, nikala daku, nikaja zangu.”

“Ulikula nini?”

Mzee anafurahi kuulizwa. “Ah! Mkate wa kumimina, vipande vitatu. Kuku wa jana. Tende. Na chai ya maziwa.”

“Vinne, baba,” anasema Lubna kutoka jikoni.

“Vinne. Na chai vikombe viwili.”

Intisar hacheki. Anaeleza, taratibu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kikachi ili asibaki na pa kujificha. Kwamba daktari hakutaka mfungaji. Alitaka mtu mwenye njaa. Kwamba daktari aliona sukari ya mkate wa kumimina akadhani ni sukari ya ugonjwa, akaongeza sindano. Kwamba neno lile lilitoka mdomoni mwake yeye, Intisar, na ndilo lililomwangusha.

Jikoni maji yanazimwa.

“So it was you?” Lubna ametokea mlangoni. “Wiki saba unakuja hapa, unakunywa chai yangu, una-check sukari yake, na hu-say kitu? Mimi ndiye niliyemkuta. Mimi! Macho yamegeuka. Nilidhani amekufa!”

“Ni mimi,” anasema Intisar. “Huna kosa ukinifukuza.”

“Lubna,” anasema mzee. “Mwache.”

Anavua miwani na kuifuta kwa pindo la kikoi. Inachukua muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

“Na mimi nilikuwa na ulimi,” anasema. “Daktari gani anaamrisha watu wafunge sunna? Nilijiuliza. Nikasema labda nao wameanza kuongoka.”

Anatabasamu peke yake. Kisha tabasamu linaondoka.

“Mie nilidhani akili inaanza kunitoka, mwanangu. Nilidhani usiku ule nilijidunga mara mbili nikasahau. Tangu hapo kila nikishika sindano nahesabu mara tatu, na nikimaliza kuhesabu sijiamini. Wiki saba. Ungeniambia mapema.”

Hapo ndipo Intisar alipolia. Alijitayarisha kwa hasira ya Lubna, na alijitayarisha kwa mashtaka. Kwamba mzee wa watu amekaa wiki saba dirishani akijishuku mwenyewe, hilo halikuwa limempitia akilini hata mara moja, na hadi leo analitaja kwa sauti ya chini.

Alipoaga kwamba anawahi kikao cha bodi, mzee alimwita akiwa mlangoni.

“Utawaambia?”

“Nitawaambia, Babu.”

“Basi waambie na kuku. Wasije wakadhani nilikula mkate mkavu.”

Lubna hakumsindikiza.

Ukumbi wa bodi una mazulia ya kijivu, bendera mbili na viti visivyotosha. Wajumbe tisa wamekaa mbele. Jumuiya zimekuja tena, safari hii na fulana zilizochapwa majina yao. Intisar ni wa kumi na tisa kwenye orodha. Anasubiri saa nzima na dakika ishirini, na Hanh amemshika mkono.

Jina lake linapoitwa, linaitwa vibaya. Anakwenda mbele, anaweka karatasi kwenye meza ya kusomea. Kutoka safu ya nyuma haionekani ni karatasi ipi.

Ni ya pili.

Anasoma kwa haraka mno. Anaeleza juu ya neno, daku, kipimo, sindano, msala. Anafika kwenye kuku, na sehemu ya ukumbi inacheka, halafu inaona yeye hacheki. Taa nyekundu inawaka kabla hajamaliza. Mjumbe mmoja, mwanamume mwenye tai ya buluu, anainama kwenye kipaza sauti.

Anamuuliza, kwa upole kabisa, kama anaelewa kwamba ameipa bodi sababu nzuri ya kununua simu.

Intisar anasimulia baadaye kwamba Kiingereza chote kilimtoka, akawa anakitafuta mezani kama funguo.

“Nikamwambia, bwana, simu nayo ingesema neno lile lile. Tofauti ni kwamba mie nilikwenda hospitali kumtazama. Nilimjua mkwe wake. Nikasikia habari ya daku, nikajua nimekosea, nikamwambia daktari jioni ile ile, sindano ikapunguzwa. Simu ikishakatwa, nani anakwenda hospitali?”

Mwanamume mwenye tai ya buluu aliandika kitu. Ni nini, hakuna ajuaye.

Bodi haikuamua siku hiyo. Kura ilisogezwa hadi tarehe 12 Juni, na hadi wakati huo ikaamuliwa simu ijaribiwe katika kliniki mbili. Mojawapo ni ya Intisar. Siku mbili baadaye alipewa barua ya onyo kwa kosa la Machi, na maelekezo mapya: simu ikiwa wazi, mkalimani wa kliniki atakaa chumbani kuangalia, lakini asiseme.

“Nimekuwa kama picha ya ukutani,” anasema.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ni zamu ya Mzee Muzammil. Daktari anataka kurudia kile kipimo cha Machi, safari hii kwa usahihi. Anaweka simu katikati ya meza, anabonyeza namba, na inatoka sauti ya mwanamke, ya heshima, lafudhi ya bara. Intisar amesimama ukutani, mikono mifukoni.

Daktari anaeleza. Sauti inatafsiri.

“Mzee, daktari anasema Alhamisi ijayo uje ukiwa umefunga.”

Intisar anafumba macho.

Mzee Muzammil anaitazama simu. Anamtazama Intisar. Kisha anaiinamia simu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye mbali sana.

“Mwanangu, sifungi. Mwambie daktari sifungi mie. Nitakuja na njaa.”

Halafu ile sauti, kwa Kiingereza kizuri kisicho na doa, inamwambia daktari kwamba mgonjwa anakataa kufunga na anasema ana njaa.

Daktari anashusha pumzi na kuchukua kalamu. Kwenye faili anaanza kuandika kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Intisar, aliyesimama upande wa daktari, anayaona maneno yakitoka, neno baada ya neno. Barua ya onyo iko kwenye droo yake, haina hata wiki mbili. Anasema aliwaza kodi ya nyumba, akamwaza mumewe, akamwaza Theodora, na yote hayo yakapita upesi.

Anatoa mikono mifukoni.

“Daktari,” anasema, “samahani. Acha kuandika.”

Maelezo yalichukua dakika nne. Mwanamke wa kwenye simu, aliyeko Ohio, na ambaye baadaye alisema yeye ni Mlutheri wa Singida na kwao kufunga ni kuacha chakula kwa sala, alisikiliza yote na kuomba radhi mara tatu. Daktari alikata mstari aliouandika. Mzee Muzammil aliuliza kama kuna mtu bado ana shaka kwamba yeye ni mzima wa akili, na kwa kuwa aliuliza kwa Kiswahili, walimjibu wawili tu, Intisar chumbani na yule wa Ohio.

Barua ya pili bado haijafika. Kila bahasha inayowekwa mezani kwake Intisar huigeuza kwanza kutazama inatoka wapi.

Lakini hakai akisubiri. Amekata vikadi vidogo vya manjano, na kila jioni baada ya kazi huzunguka nyumba za wagonjwa wake, kumi na saba hadi sasa kati ya arobaini na moja. Kadi ina maneno matatu kwa Kiswahili, na chini yake Kikachi kwa herufi za Kigujarati, alizoandikiwa na Mzee Muzammil kwa mkono wake wa fundi, ulioanza kujiamini tena. Hanh ametengeneza yake ya Kivietinamu, kuhusu joto la ndani. Mwezi Agosti Intisar ataendesha gari hadi Dallas kufanya mtihani wa cheti cha ukalimani, alale Cedar Hill, karibu na huko, kwa Gaudence, mtu wa kwao Theodora. Ada ya mtihani ameshalipa, kazi iwepo isiwepo.

“Juni wakitaka kunitoa, watanitoa,” anasema. “Nataka wakinitoa, mzee wangu awe na kitu cha kuisomea simu.”

Alhamisi ya kipimo, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mlango wa kliniki unafunguliwa na Lubna. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile, anamsalimu Intisar, kwa ufupi, akitazama pembeni. Nyuma yake anaingia Mzee Muzammil, fimbo mkononi, kadi ya manjano imebandikwa kifuani kwa pini ya fundi cherehani, na chumba kizima cha kusubiri, Wavietinamu, Wachina na Wapakistani, kinageuka kumtazama.

Maneno ni matatu, kwa herufi kubwa. NIMEKUJA NA NJAA.

“Nipimeni upesi,” anasema, akikaa. “Lubna kaacha mkate wa kumimina mezani.”